Ubani Juu ya Kifusi

Binti yangu Anifa alikuwa hai chini ya kifusi, na watu wazima wenye akili zao walikuwa juu yake wanamsomea Yasini. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, maana mpaka leo wapo wanaotaka lisisemwe.

Jengo lile lilikuwa la ghorofa mbili, Maili Moja, nyuma ya maduka ya mabati. Anifa alikuwa na cherehani zake chumba cha chini. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, nguzo ikapasuka, jengo likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Mimi nilikuwa Kisarawe, shambani kwangu, nang'oa mihogo. Nilifika na udongo wa shamba miguuni. Wenzake walikuwa wameshatolewa, wengine wazima, wengine kwa machela wamefunikwa. Anifa hakuonekana, lakini tulimsikia. Alikuwa anagonga bomba huko chini, na sauti ilikuwa inazunguka ndani ya zege, hatujui inatokea upande gani. Vijana walichimba usiku kucha.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, bomba likanyamaza.

Zaidi hakungoja sana. Huyu ni mkwe mwenzangu, baba wa mume wa Anifa, mtu wa Mlandizi, ana sauti laini na anapenda kutangulia mbele ya watu. Mwanawe ni dereva wa malori, alikuwa bado njiani kutoka Tunduma.

"Amekwenda," Zaidi akatangaza. "Tusimwache ndugu yetu bila kisomo. Tumpe haki yake."

Vikaletwa vyetezo viwili, vikawekwa palepale juu ya zege. Ubani ukafuka. Dada yake Zaidi, Mwanamvua, akazunguka na chupa ya marashi akirashia kifusi kizima kama anamrashia bibi harusi. Na vijana waliokuwa wanachimba wakaweka sepeto chini, kwa heshima. Heshima! Mtu yuko chini ya mawe, na sisi tumeacha kuchimba kwa heshima.

Kisomo kilikuwa katikati gari dogo la mizigo liliposimama barabarani. Akashuka mwanamke mnene wa makamo, amevaa ovaroli na gambuti, na nyuma yake mbwa jike mwekundu. Mwanamke anaitwa Elinipa, Mpare, yumo katika kikundi cha kujitolea kinachofundisha mbwa kutafuta watu kwenye maafa. Mbwa anaitwa Shaba.

"Nani kachoma hivi vitu?" Elinipa akauliza.

"Shikamoo kwanza, mwanangu," Zaidi akamwambia.

"Shikamoo. Nani kachoma hivi vitu? Mbwa wangu anatafuta harufu ya mtu, nyie mmenifungulia duka la manukato."

Watu wawili watatu wakacheka. Zaidi hakucheka. "Hapa pana maiti wa Kiislamu. Mbwa hapiti juu yake."

"Mmemwona?"

"Nani?"

"Huyo maiti."

Mwanamvua akadakia. "Mama wee, toa jibwa lako lisije likatupaka mate. Tuna udhu sisi!"

"Udhu mtatia tena, shangazi. Maji mnayo, Ruvu si hapo tu? Pumzi ya mtu ikikatika mtaichota wapi?"

Kijana mmoja akaokota kipande cha tofali akarusha. Kilimpata Shaba ubavuni. Mbwa akalia mara moja, akamtazama Elinipa, akakaa kitako. Hakubweka, hakuuma. Alikuwa anangoja kuambiwa aanze kazi.

Hapo mimi nikawaka. Nilipiga teke chetezo cha kwanza kikaenda matopeni. Cha pili nikakimwagia ndoo ya maji, majivu yakamrukia Zaidi kwenye kanzu.

"Mzee Mfaume! Unatia mguu kwenye ubani wa kisomo?"

"Natia. Huyu ni binti yangu, Zaidi. Nilimwadhinia sikioni mimi, siyo wewe. Nilikupa akuzalie wajukuu, sikukupa ruhusa ya kumzika kabla hajafa. Na mwenye tofali jingine anirushie mimi."

Hakuna aliyerusha. Elinipa akatuamuru wote tushuke, tukae upande upepo unakoelekea, tufunge midomo. Tukangoja moshi uishe. Shaba akapanda. Alipofika palipomwagwa marashi alipiga chafya, akazungukazunguka, akarudi. Elinipa akatukana kwa Kipare, akampandisha tena kwa upande mwingine. Safari hii mbwa alikwenda polepole, pua chini, mpaka kona ya mbali kabisa na tulipokuwa tunasoma. Akasimama. Akachomeka pua kwenye ufa, akaanza kuparua na kubweka, kubweka, kubweka.

"Hapa," Elinipa akasema.

Na kutoka chini bomba likajibu.

Tulichimba kwa sepeto, kwa mikono, kwa sufuria. Shaba hakutaka kutoka, alikuwa anachimba katikati yetu na unyayo wake ulishakatwa na kioo, damu inachuruzika. Shimo lilipofunguka, yeye ndiye aliyeingiza kichwa kwanza, akamlamba Anifa uso mzima. Nikaona mkono wa mwanangu, mweupe kwa vumbi, unashika sikio la yule mbwa.

Tukamtoa. Tukawa tunamkimbiza kwenye gari, na nani kasimama njiani na ndoo? Zaidi.

"Asipakiwe kwanza. Mate ya mbwa yamemgusa. Aoshwe mara saba, mara moja kwa udongo."

"Udongo?" nikamwuliza. "Amekaa ndani ya udongo siku mbili, Zaidi! Unamtafutia udongo gani tena?"

Mwishehe, mwalimu wa madrasa, akamshika Zaidi bega akamsogeza kando. "Mpelekeni hospitali," akasema. "Kuosha kutangoja. Dini haikukutuma hapo, bwana."

Anifa alivunjika mguu na mbavu. Alipoweza kuzungumza nilimwuliza, "Mama, mbona uliacha kugonga?"

"Baba, mkono ulichoka nikaupumzisha, mara nikasikia harufu ya ubani," akasema. "Halafu marashi. Halafu Yasini. Nikasema, kumbe nimeshakufa, wamenizika, ndiyo maana kuna giza. Nikaliacha bomba. Nikawa nangoja kuulizwa maswali ya kaburi."

"Sasa?"

"Sasa nikasikia mbwa. Nikasema, nawajua watu wangu, kaburini kwangu wasingemwacha mbwa asogee. Basi sijafa." Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Sijacheka mpaka leo.

Zaidi akaandaa dua ya shukrani kwake Mlandizi. Mikeka ikatandikwa, pilau ikapikwa. Akasimama akashukuru majirani, akashukuru vijana, akashukuru waliosoma, akamshukuru hata Mwanamvua kwa marashi yake. Elinipa hakualikwa. Mbwa hakutajwa.

Watu walipokaa kungojea kunawa, nikanyanyuka nikamnyang'anya mjukuu wa Zaidi birika na beseni. Nikasimama katikati ya mikeka, nikawaeleza aliyoniambia Anifa, neno kwa neno. "Mlimsomea mtu hai mpaka akaamini amekufa," nikasema. "Aliyemwambia kwamba yu hai ni Shaba, nanyi mlimpiga tofali. Leo hatembei vizuri kwa ajili ya mtoto wangu. Hapa hanawi mtu mpaka amshukuru kwa jina."

"Mkwe, kaa, pilau inapoa," Zaidi akasema, na watu wakaguna.

"Na ipoe."

Harufu ya pilau inapita. Wa kwanza kunyoosha mikono alikuwa Mwishehe. "Ahsante, Shaba," akasema, bila kucheka, nami nikamwagia maji. Jirani yake akafuata, mwingine akafuata, mmoja kwa sauti, mwingine kwa kunong'ona, nikamrudisha aseme vizuri. Yule kijana wa tofali alisema mara mbili, na hakunitazama usoni. Upande wa wanawake nikamsikia Mwanamvua: "Haya, ahsante Shaba, jamani tuleni."

Nikafika kwa Zaidi. Nikasimama mbele yake na birika mpaka mkono ukaniuma. Alikuwa anaitazama mikono yake mikavu.

"Leteni kijiko," akasema.