Kaburi Mbali na Kisima

Maji yalikuwa yamepungua hadi nusu ya chungu, lakini Theodora alisukuma tena kuni ndani. Amri ya kijiji ilikuwa kuchemsha, naye alichemsha kuliko mwanamke yeyote. Yalipopoa aliyachanganya na maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa maziwa matupu yalimharisha mtoto, akamnywesha mjukuu wake kwa kijiko. Yeremia alimeza kidogo, kisha akahema kama aliyekimbia. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Kucha pia.

Leah, binti yake na mama wa mtoto, alikufa kwa kutokwa damu siku aliyojifungua. Wakati huo kijiji kilikuwa kipya, kisima hakijachimbwa, na watu walikuwa bado wakichota maji mahame, kwenye makao ya zamani walikoondolewa. Walimzika Leah nyuma ya nyumba mpya. Kwa maji ya mahame Yeremia alinenepa na kuchangamka. Kisha kisima cha kijiji kikachimbwa, hatua chache kutoka kaburi hilo, na ikatangazwa kwamba atakayeonekana mahame ni mpinga maendeleo.

Juu ya kisima lilikuwa shamba la kijiji, na juu ya shamba kiwanda cha nyama. Maji ya kuoshea mizoga, yenye damu na mavi ya matumbo, yalishuka kwa mtaro na kuachwa yasambae shambani mpaka ardhi iyanywe. Mahindi yalistawi, kijani kilichokolea hadi weusi. Maji ya kisima yalikuwa meupe, hayanuki. Watu wazima waliyanywa, wakaenda kulima.

Theodora alipoingia ofisi ya kijiji, Mwenyekiti Manase alikuwa akimenya karanga. Urbano, bwana afya aliyeletwa na wilaya, alikuwa amesimama dirishani.

"Shikamoo, mama," Urbano alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Sema shida yako," alisema Manase.

"Naomba ruhusa nikachote maji mahame, Mwenyekiti. Ya mtoto tu. Kibuyu kimoja."

"Kisima chetu kina nini?"

"Mtoto anageuka rangi."

"Huchemshi."

"Nachemsha mpaka yanakaribia kuisha chunguni."

Urbano aligeuka. "Mwenyekiti, nilikueleza. Kanuni inakataza maji ya kiwanda kumwagwa juu ya kisima cha watu. Yanatakiwa kukaa kwenye mabwawa, mbali. Kinachozama ardhini hakifi kwa moto. Maji yakipungua, chenyewe kinabaki chunguni, kimekolea. Mtu mzima anaweza kustahimili, lakini mtoto mchanga..."

"Tukifunga mtaro, mahindi yatakunywa nini? Mkojo wako?" Manase alicheka peke yake. "Wageni wa mkoa wanakuja kuyaona mahindi hayo. Hawaji kuona mabwawa."

"Basi mruhusu huyu mama."

"Nikimruhusu mmoja, kesho wote wamerudi mahame na ng'ombe wao." Alipuliza maganda ya karanga mezani. "Au toka nje uwaambie akina mama wasichemshe maji. Sema kampeni ya serikali inaua watoto. Nenda, nikusikie."

Urbano hakutoka.

"Kwa hiyo nisichemshe, mwanangu?" Theodora aliuliza.

Urbano alitazama viatu vyake. "Fuata maagizo ya kijiji, mama."

Alfajiri iliyofuata Theodora alimfunga Yeremia mgongoni, akaenda mahame. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imebaki kuta nyeusi. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa miiba. Aliitoa kwa mikono, akajaza kibuyu.

Njiani alikutana na Idrissa, mgambo, kijana aliyekua akichunga ndama pamoja na Leah.

"Bibi! Umekwenda kumwona mchumba?"

"Nimemchotea mtoto maji, mume wangu. Niache nipite."

"Hebu tuonje." Idrissa alichukua kibuyu, akanywa kwa kituo, akafuta mdomo. "Matamu. Ya nyumbani ni ya nyumbani." Kisha akakiinamisha. Maji yaliyobaki yaliingia vumbini. "Nikikuachia nitalala ndani mimi, bibi. Unanijua, sina ubaya."

Alimrudishia kibuyu kwa mikono miwili, taratibu, kisivunjike.

Jioni Theodora aliteka maji ya kijiji. Hakuyachemsha. Yeremia aliharisha, na midomo haikurudi rangi yake. Akayachemsha tena. Mtoto akaacha kulia, na majirani wakasema afadhali, amepata usingizi. Alikufa asubuhi, ng'ombe wakikamuliwa, uso wake rangi ya jivu lililolowa.

Wanaume walichimba kaburi nyuma ya nyumba, ubavuni mwa Leah. Walikuwa wamefika kiunoni Manase alipokuja, Urbano nyuma yake.

"Nani kawaambia mchimbe hapa?"

"Ni kwa mama yake," alisema Theodora. Alikuwa ameketi chini, amempakata mtoto ndani ya kanga.

"Pole, mama. Lakini mama yake alizikwa kabla ya kisima. Sasa kisima kipo." Manase aligeuka. "Bwana afya, kanuni inasemaje?"

Urbano alisema kitu.

"Sauti. Wasikie."

"Kaburi lisiwe karibu na kisima. Litachafua maji ya watu."

"Mmesikia mtaalamu." Manase aliinama, akachungulia shimoni. Chini kabisa udongo ulikuwa umeanza kuvuja maji, na harufu ya utumbo ilikuwa ikipanda. "Mnaona? Maji yako karibu hivi, nanyi mnataka kutia maiti. Fukieni. Mkazike kule juu, nyuma ya kiwanda."

Wakafukia. Mmoja wao, akishindilia udongo, alikwepa kumtazama Theodora.

Walipanda kupitia mahindini, Theodora mbele na mtoto mikononi. Mahindi yalikuwa yamemzidi kimo. Walipofika mtaroni, kiwanda kilikuwa kimefungua maji, mtaro umejaa hadi ukingoni, mwekundu, wenye povu. Hapakuwa na ubao wa kuvukia.

Wakasimama na maiti ukingoni, wakisubiri maji ya kiwanda yapite kwanza.