Panga la Mama Mirjam

Huyo mnene kwenye picha ni mimi. Nasema mapema, kwa sababu siku ya maonyesho ya michoro, mwaka 2011, nilisimama mbele yake kule Södermalm, Sweden, nikiwasikia Waswidi wawili, bilauri za mvinyo mikononi, wakibishana kama yule mwanamke mwenye kitenge chini ya koti jeupe ni malkia au mwendawazimu. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kitenge chenyewe nilikuwa nimekivaa.

Aliyenichora ni Mama Mirjam. Waswidi humwita Mirjam tu, hata watoto, lakini mimi nimelelewa Butembo, siwezi kumwita mtu wa umri wa mama yangu kwa jina tupu kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja. Alikuwa Myahudi, mama yake alimtoa Vienna mwaka 1938, akiwa na miaka minne. Ujanani alikuwa bingwa wa Sweden wa mchezo wa vitara, yaani kupigana kwa vyuma vyembamba. Alipigana kwa mkono wa kushoto na kuchora kwa wa kulia, eti ili mikono isioneane wivu.

Nilimjua kwa ugomvi.

Mwaka 2005 tulikuwa tukikaa Rinkeby, mtaa wa wahamiaji. Jioni moja, tukila sombe, yale majani ya muhogo, binti yangu Heshima, wa miaka kumi na moja, aliniambia kwa Kiswidi kwamba Jumamosi ana mashindano. Akataja neno nisilolijua. Nikamtaka aseme kwa Kiswahili. Mtoto akakuna kichwa, akatafuta, mwisho akapata neno alilotusikia watu wazima tukilitumia pale tulipodhani hasikii.

"Ni kupigana na panga, Mama."

Kijiko kilinitoka mkononi.

"Panga? Ile ya kukatia bantu? Nani anakufundisha hii bintu?"

"Mirjam. Kwa masomo. Iko muzuri sana."

Watu wa pwani watanisahihisha kwamba kuna panga, kuna upanga, na kuna kitara. Mimi nilijua panga moja tu, lile lililotufukuza nyumbani na kummaliza kaka yangu Kambale. Kesho yake nilitoka kazini moja kwa moja hadi ukumbi wa michezo wa shule, kumtoa mwanangu.

Nilimkuta bibi mwembamba, nywele nyeupe, rangi ya bluu imemganda kwenye kucha. Nilimfokea juu ya panga na kaka yangu kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, kilipoisha nikaendelea kwa Kiswahili, kisha kwa Kinande, lugha ya nyumbani. Watoto wote waliacha kucheza. Heshima alijificha ndani ya kofia yake ya wavu, akiomba ardhi immeze. Mama Mirjam alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hata kwetu walikuja na silaha," akasema. "Baba yangu sikumwona tena. Nilipokua nilitaka kuijua silaha, lakini silaha yenye adabu."

Akanionyesha ncha ya kitara: kifundo butu. Akakikandamiza ukutani, chuma kikapinda kama unyasi.

"Vaa, tucheze kidogo. Ukinigusa hata mara moja, namwondoa Heshima kwenye mashindano mimi mwenyewe."

Bibi wa miaka sabini na moja! Nilikubali upesi. Nilivaa koti jeupe la mchezo juu ya kitenge, likinibana kila mahali, nikamvamia kama anayefukuza mbuzi shambani. Hakuwepo. Ncha yake ikanigonga kifuani, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Nikageuka, akanigonga tena. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Siku hiyo niliona cha mtema kuni. Halafu, sijui ilikuwaje, nikaanza kucheka. Nilicheka ndani ya kofia ile kama msichana, jasho likinitiririka, watoto wakacheka, na yule bibi naye akacheka huku ananigonga. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tuvuke mpaka. Nilikuwa na furaha, jamani, nikiwa na chuma mkononi.

Kisha nikajikwaa, nikarusha mkono ovyo. Nilidhani nimekosa. Heshima na wenzake, waliokuwa waamuzi wetu, nao hawakuona kitu. Nikajiweka sawa ili tuendelee.

Mama Mirjam hakuendelea. Aliinua mkono juu kama mwanafunzi darasani, akavua kofia.

"Nimeguswa," akasema. "Hapa, ubavuni."

"Hapana!" Heshima akapiga kelele kwa Kiswidi. "Hakuna aliyeona!"

"Mimi nimesikia. Katika mchezo huu, aliyeguswa ndiye husema."

Alimtazama binti yangu, mwanafunzi wake bora, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hata hivyo alikwenda kwenye ubao alipokuwa ameandika majina ya watakaoshindana, akachukua kitambaa cha kufutia.

Watu wenye silaha nimewaona wengi. Nimewasikia wakiapa kwamba hawakufanya, na damu bado mbichi mikononi. Sikuwahi kumwona hata mmoja akiinua mkono kusema ukweli unaomuumiza mwenyewe, tena pasipo shahidi. Na huyu ndiye aliyekuwa akimfundisha mwanangu.

Nikamfuata mbio, chuma kikiburuzika sakafuni, nikaushika mkono wake kabla haujafika kwenye jina la Heshima.

"Mama Mirjam," nikamwambia, "Jumamosi mnaanza saa ngapi?"