Ndoo ya Fridolin

Mvua za mwaka 1998 zilipojaza tope visima vya Mchombe, watu walikunywa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ndipo Ursula, mtaalamu wa maabara mjini Ifakara, aliporudi kwa mama yake na madumu ya ute. Ute huo ulitoka kwa bakteria wa udongo wa majaruba ya mpunga. Aliwalisha molasi ya miwa, nao wakatengeneza sukari nzito, inayonatanata kama mlenda. Ukiutia kidogo kwenye ndoo pamoja na chokaa, ukakoroga, tope linashikana mabonge na kuzama. Hapo kazi inayobaki ni kuchemsha tu.

Foleni ilijaa uani. Ursula alimhudumia kila mtu mpaka zamu ya Fridolin.

“Ndoo hii siigusi,” Ursula alisema.

Fridolin, alipokuwa mwenyekiti wa kijiji, alihamisha mawe ya mpaka ya shamba la mtoni la Hilari, baba yake Ursula, kabla hata matanga hayajaanuliwa. Mama alipolalamika, aliambiwa mjane hana shamba. Ursula alisoma na uchungu huo, akaajiriwa nao.

“Mwanangu, nina wajukuu nyumbani,” Fridolin alisema.

“Mke wa mwanao amechukua maji yao asubuhi. Hii ndoo ni yako wewe. Sema shamba la mtoni ni la nani, nikusafishie.”

Mama akamshika mkono. “Mwache. Ni mtu mzima.”

“Hata wewe ulikuwa mtu mzima, mama, alipokufukuza.”

Fridolin aliondoka na tope lake. Alirudi siku ya tatu akijikongoja, maji yale yamemharisha, akakuta foleni bado ipo, na mtendaji wa kata yumo.

“Shamba ni la marehemu Hilari,” alisema akitazama chini. “Mawe niliyahamisha mimi.”

“Umesikia, mtendaji?”

“Nimesikia.”

Ursula akamimina ute, akakoroga taratibu. Maji yakatakata. Fridolin akabeba ndoo bila kushukuru.

Baraza la kata lilirudisha shamba, mpunga ukiwa umeshakomaa. Mama alitaka wagawane na Fridolin, kwa kuwa ndiye aliyeupanda. Ursula alikataa. Siku ya mavuno aliagiza mkokoteni wa magunia upitishwe mbele ya mlango wa Fridolin, ingawa njia ya kwao ilikuwa upande mwingine kabisa. Mama alitembea nyuma, kainamisha kichwa. Ursula alitangulia mbele, akitazama dirishani kwa Fridolin bila kupepesa.