Kokoto za Mbele ya Nyumba

Fundi cherehani aliamka Jumamosi ile ameshakata shauri: mbele ya nyumba zingemwagwa kokoto. Wateja walikuwa wamechoka kuingia kibarazani na viatu vilivyojaa tope, na yeye alikuwa amechoka kufagia.

"Na uani?" mkewe aliuliza, akimimina chai. "Juzi pale chini ya kamba ya nguo kandambili yangu imezama. Mpaka leo sijaiona."

"Uani haendi mteja."

Mkewe akaweka birika chini. Miaka kumi na tisa ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mwanamume yule habishiwi, huzungukwa.

Kifaa cha kupimia kilikuwa futikamba ileile ya dukani, ya mita moja na nusu, inayoshinda shingoni mwake. Seremala wa jirani alikuwa na tepu ndefu, lakini fundi aliona kuazima ni kujishushia hadhi. Yeye hajapata kuharibu inchi ya kitambaa cha mtu.

"Mimi nanyoosha, wewe hesabu," alimwambia mkewe. "Na usinichanganye."

"Nikuchanganye mimi, baba watoto?"

Wakaanza. Fundi hawezi kufanya kazi mdomo umefungwa, na siku hiyo alikuwa na kisa cha bwana harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya harusi. Alipofika kwenye vifungo vya suruali, mkewe alikuwa ameshahesabu moja, mbili, tatu. Ile ya nne akaiita tano. Ya sita, iliyogusa ukuta, akaiita nane. Kwenye upana walipima mara tatu, akasema nne. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama kwenye foleni ya maji.

Fundi akaandika kwa chaki ya kukatia: mita kumi na mbili kwa sita, unene sentimita tano. Alipiga hesabu mara mbili kwa uangalifu, akapata mita za ujazo tatu nukta sita, akampigia simu muuza kokoto.

Jumatatu lori likaja. Dereva alishuka, akautazama uwanja, akaitazama risiti.

"Mzee, hizi zote ni za hapa?"

"Mimi kupima ndiyo kazi yangu," fundi alisema. "Mwaga."

Walizitandaza hadi mchana. Mbele pote palifunikwa vizuri, na bado lilibaki rundo lililomfika fundi kifuani. Seremala akapita, akasimama, akakohoa kidogo. Nyuma ya pazia, mkewe alikuwa ameuma ncha ya mtandio.

Fundi alilizunguka rundo lile mara mbili, mikono kiunoni.

"Hizo zilizobaki ni za uani," alimwambia seremala. "Nilizitia kwenye hesabu tangu mwanzo."

Kabla ya magharibi mkewe alikuwa anaanika mashuka uani juu ya kokoto, miguu mikavu kabisa.

Jumatano, alipokuwa akifagia kibaraza, aliona chini ya ukuta alama za chaki ambazo Jumamosi hazikuwepo: mistari sita. Upande wa pili ilikuwa mitatu. Alisimama na ufagio wake akisikiliza cherehani ikilia ndani. Mumewe alikuwa anaimba. Akaendelea kufagia, na siku nzima mumewe aliimba mno.

Jumapili wifi yake, dada wa fundi, akaja kutembea. Aliizunguka nyumba yote akisifia.

"Kaka, una kipimo wewe. Kokoto zimetosha mpaka nyuma, wala hakuna iliyobaki. Njoo na kwangu unipimie."

Fundi alikoroga chai yake polepole.

"Nitakuja," alisema. "Ila lazima nije na wifi yako. Mimi najua kunyoosha kamba tu. Kuhesabu ni yeye, na hesabu zake huwa zinazaa."

Hakumtazama mkewe. Mkewe akainuka haraka kwenda jikoni kuleta sukari, na sukari ilikuwa pale pale mezani.