Homa ya Zinki

Mimi nikishasema kitu karakanani, kimesemwa. Miaka ishirini na miwili nachomelea mageti na madirisha, na hakuna maradhi ya chuma nisiyoyajua. Kwa hiyo Jumanne saa nne asubuhi, mdogo wangu alipoweka grenda chini na kuanza kutetemeka, meno yakigongana na jua likiwaka, sikubabaika hata kidogo.

"Homa ya zinki hiyo," nikasema. "Umevuta moshi wa yale mabomba ya jana. Kunywa maziwa, kesho mzima."

Kila mchomeleaji anaijua. Ukichomelea chuma kilichopakwa zinki bila kujikinga pua, saa chache baadaye unapigwa na baridi na homa, hakuna mafua, hakuna kikohozi, halafu baada ya siku moja hivi unaamka kama hujawahi kuugua. Mimi yamenikuta mara nane au tisa. Maziwa sijui kama yanatibu kweli, ila ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha.

Mdogo wangu tunamwita Injinia kwa sababu hupima mara tatu kabla ya kukata. Ana mke na watoto wawili, lakini kwangu bado ni kale katoto kalikokuwa kakilia kakichomwa na mwiba, nami nikikacheka. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamfunika koti langu, juu yake turubai. Akazidi kutetemeka mpaka benchi likawa linagonga ukuta. Nikarudi kwenye geti langu, nikachomelea bawaba, nikaikosea, nikaing'oa. Nikaenda kumtazama. Nikarudi, nikaikosea tena. Ule mgongano wa benchi na ukuta ulikuwa unanitia wazimu.

Majirani nao hawakosekani. Mama wa duka la rangi alisema ni malaria, hana haja ya kuuliza. Fundi baiskeli akasema uchovu.

"Uchovu wa nini?" nikamjibu. "Huyu kazi yake kushika futi!"

Wakacheka. Injinia hakucheka.

Hatimaye dada wa duka la dawa alivuka barabara, akamchoma kidole, akasubiri kipimo chake. Malaria hamna. Nikawatazama wote mmoja mmoja, kifua mbele.

"Koo linauma?" akamuuliza. "Mafua? Unakohoa?"

Injinia akatikisa kichwa.

"Basi mpelekeni hospitali. Homa ya ghafla hivi bila mafua ina mambo mengi. Inaweza kuwa mkojo, inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kidonda mahali kimeingia uchafu. Una kidonda chochote, kaka?"

"Hana," nikasema mimi. "Ni zinki."

Injinia alinitazama, kisha akatazama sakafu. Yule dada akavuka tena barabara, akarudi dukani kwake. Kwa nini nilimjibia? Mtu mzima, ana mdomo wake. Nimejiuliza swali hilo mpaka limechakaa.

Saa saba mke wake akaja na maziwa, maana nilikuwa nimempigia simu. Akamgusa shingo, akauvuta mkono wake haraka.

"Shemeji, huyu anaungua! Kapatwa na nini?"

Nikamweleza habari ya zinki, kwa kirefu, kama kawaida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, chupa ya maziwa bado mkononi.

"Hayo mabomba mlichomelea lini?"

"Jana."

"Jana gani, shemeji? Jana si ulimtuma kupima madirisha? Alishinda huko kutwa, kanirudia jioni anachechemea, anasema buti linambana."

Ni kweli. Mabomba yale niliyachomelea peke yangu. Yeye hakuuvuta hata kidogo moshi ule.

Nilipiga magoti nikaanza kufungua kamba za buti. Injinia akanishika bega, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, taratibu." Soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda cha cheche, kidogo tu, cha kulingana na shilingi, lakini kimejaa usaha, na mguu umevimba na kung'aa, wekundu umepanda hadi karibu na goti. Mke wake akalia. Mimi nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata, hata siku ile mtungi wa gesi ulipolipuka.

Nikambeba mgongoni mpaka barabarani, mwanamume mzima, mrefu kunishinda, miguu yake ikiburuzika. Hospitalini daktari, mwanamke mwenye haraka, aliagiza dripu na sindano, kisha akachukua kalamu akachora mstari kuzunguka mguu pale wekundu ulipoishia.

"Sumu ya kidonda imeanza kuingia kwenye damu," akasema. "Wekundu ukivuka mstari huu, tutazungumza habari nyingine. Mkewe ananiambia alitakiwa kusubiri mpaka kesho. Nani alisema hivyo?"

"Mimi," nikasema.

Mke wake alirudi kwa watoto. Nikabaki na mstari ule. Nilikaa, nikasimama, nikatembea hadi dirishani, nikarudi kuutazama. Jioni wekundu ulikuwa umeugusa. Injinia akafumbua macho.

"Cheche iliniingia Alhamisi," akasema. "Kwenye buti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka."

Nilitaka kubisha. Mdomo wangu haujawahi kukosa ubishi. Lakini ningecheka, kweli kabisa, tena ningewaita na wale wa duka la rangi waje kumwona Injinia analilia cheche. Nikainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na machozi yakanitoka.

Asubuhi daktari alikuja, akaweka kidole kati ya mstari na wekundu. Kidole kizima kilienea. "Unarudi nyuma," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilimsindikiza kwa shukrani mpaka akaniomba nimwache afanye kazi.

Injinia aliamka saa mbili. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Kaka," akasema, "nasikia kiu."

Niliinuka kwa kishindo, stuli ikaanguka, nikatoka mbio kwenye korido nikiita, "Nesi! Nesi! Mdogo wangu ana kiu!" Wakaja manesi wawili wanakimbia, na mmoja ana mashine. Jagi la maji lilikuwa mezani, kando ya kichwa chake.