Kengele ya Sufuria

Saa saba na robo mchana bomba la jikoni lilikuwa wazi, kavu, na chini yake palikuwa na sufuria iliyowekwa kifudifudi.

Sufuria hiyo ilikuwa mtambo. Maji ya mtaa ule yalitoka mara mbili kwa wiki, alasiri yoyote, saa yoyote yalipojisikia, yakakaa kidogo, kisha yakaenda zake bila kuaga. Tone la kwanza likigonga kitako cha sufuria, mlio ungefika chumbani na Mama Inspekta angekurupuka akakinge. Mtambo ulikuwa umejaribiwa kwa kikombe cha maji mara tatu, na mara zote tatu aliusikia. Kasoro ya jaribio, aliyokuja kuiona baadaye, ni kwamba mara zote tatu alikuwa macho.

Kabla ya watoto alikuwa mpima maziwa kiwandani. Lori zima lilisimama getini likisubiri neno lake, na madereva wenye mabega kama milango walimwita Madamu. Siku hizi alinusa nepi na kutoa uamuzi. Utaalamu ulikuwa uleule, ila hakuna aliyekuwa akisubiri neno lake.

Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kukosea. Wiki iliyopita maji yalitoka na kukatika akiwa katika usingizi wa pono, na mumewe, karani wa ghala, akabeba madumu kutoka kisima cha kona akiwa na viatu vyake vya kazini. Hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole: "Naona umechoka, mama watoto. Yakitupita tena, Jumamosi namleta dada ahamie hapa akusaidie."

Dada huyo, wifi yake, alikuwa muuguzi wa zamu za usiku na alikaa mtaa wa pili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupanga vijiko kwa urefu. Akija kusalimia hupitisha kidole juu ya kabati, hukitazama, hukipangusa kwenye leso yake bila neno, na Mama Inspekta hukisikia kidole kile mgongoni mpaka jioni.

"Wala usimsumbue," alimjibu mumewe. "Mimi nimepima maziwa miaka sita, sikuwahi kusinzia kazini."

Ilikuwa kweli tupu. Miaka hiyo alikuwa analala usiku.

Sasa kilichobaki kilikuwa kuwalaza watoto. Alitandika mkeka, akajilaza katikati: upande mmoja Bonge, wa mwaka na nusu, mzito kama kiroba cha unga, upande wa pili Inspekta, wa miaka minne, ambaye hakuzaliwa na jina hilo ila alilifanyia kazi. Mbinu ilikuwa kujifanya amelala ili watoto waige. Kwa bahati mbaya, mwanafunzi hodari kuliko wote wa mbinu hii alikuwa yeye mwenyewe.

"Mama, mbona umefumba macho?"

"Nimelala."

"Mbona unaongea?"

"Naongea ndotoni."

"Hiyo ndoto ina nini?"

"Inspekta! Mdogo wako anasinzia. Sheria ya nyumba hii ni ipi?"

"Mtu akilala hatupigi kelele."

"Na kitu kikipiga kelele?"

"Tunakizima."

"Haya. Fumba macho."

Kilichofuata hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba Mama Inspekta alipofumbua macho, jua la dirishani lilikuwa limehama kutoka kabatini hadi usoni kwake, shavu lilikuwa limegandana na mkeka kwa udenda, na kulia na kushoto kwake hapakuwa na mtu. Nyumba ilikuwa kimya. Katika nyumba yenye watoto wawili, kimya ni ushahidi. Unachosubiri ni kujua wa kosa gani.

Jikoni, Bonge alikuwa ameketi katikati ya kidimbwi akikipiga makofi. Inspekta alikuwa juu ya kigoda, kando ya bomba, kidole mdomoni.

"Shhh," alisema. Kisha akamtazama vizuri. "Ah. Umeshaamka."

Bomba lilikuwa limefungwa kikikiki, kazi ya mtu aliyetumia mikono miwili. Mama Inspekta alilifungua. Likakohoa, likatoa pumzi ndefu kama mgonjwa aliyekubali yaishe, likanyamaza.

"Maji yalitoka?"

"Yalitoka mengi. Yakapiga sufuria, nga nga nga nga! Nikayafunga haraka, usiamke."

"Ukayafunga."

"Ulikuwa umelala vizuri, mama. Ulikuwa unakoroma."

Alifungua kinywa ili agombe, akatafuta wa kumgombeza, akampata mmoja tu, naye alikuwa ameivaa khanga yake. Sheria ameitunga mwenyewe, ameifundisha mwenyewe, na leo kwa mara ya kwanza mtoto ameitii bila kuambiwa mara mbili. Akakaa chini. Alikaa kwenye kidimbwi, na hayo ndiyo maji pekee aliyoyapata.

Ndipo ikaja hodi ya mlango wa nyuma.

Alikuwa wifi. Mama Inspekta alisimama, nyuma amelowa chapachapa, akijitia mtu mwenye shughuli nyingi. Hakupata hata nafasi ya kutunga neno.

"Hujambo, wifi," alisema wifi, akiangalia pembeni. "Nimepita tu mara moja."

Mazoea ya kiwandani hayaishi. Mama Inspekta alikagua. Ndoo mbili mikononi, zote tupu. Kilemba kimekaa upande. Na shavuni, kuanzia jichoni hadi kidevuni, mistari iliyonyooka, ya ukindu, mibichi kabisa.

"Wifi," alisema taratibu, "umelalia mkeka."

"Nani? Mimi?" Wifi aligusa shavu. "Nilijinyoosha dakika mbili, nimetoka zamu. Kufumbua macho, bomba linakohoa hewa. Nikasema nije kwako, wewe umekinga, unigawie..." Hapo akamwona Bonge na kidimbwi chake. Kisha akamtazama mwenyeji wake usoni. "Hee! Mbona na wewe una mistari?"

"Dakika mbili," alisema Mama Inspekta.

Wifi aliweka ndoo chini, akashika kiuno, akacheka mpaka kilemba kikamaliza safari yake. Hakupitisha kidole popote.

Walikwenda kisima cha kona na toroli la jirani, Bonge juu ya madumu, Inspekta mbele akiongoza msafara. Walipanga foleni ndefu. Mama Inspekta alihesabu mashavu yenye mistari, akaacha alipoona anaanza kufurahi. Mpaka saa kumi na moja pipa la nyumbani lilikuwa limejaa pomoni, na ndoo za wifi pia. Sufuria ikarudishwa kifudifudi na bomba likaachwa wazi, maana wengine kisimani walisema huenda yakarudi.

Mumewe aliingia, akamkuta dada yake sebuleni, akaenda moja kwa moja kwenye pipa na kuinua kifuniko.

"Maji yametoka!"

"Yametoka," alisema Mama Inspekta. "Na pipa limejaa." Mambo mawili, yote ya kweli.

"Mama alilala," alisema Inspekta. "Na shangazi alilala kwake. Mimi nikafunga bomba."

Karani wa ghala alimtazama mkewe, akamtazama dada yake. "Wote wawili? Mchana kweupe?"

"Kaka, usinitazame hivyo," alisema wifi. "Na habari za Jumamosi uzisahau. Mimi nikihamia hapa, kwangu atakinga nani? Kaa wewe na hawa watoto, tuone."

"Kwani kazi gani hiyo? Nileteeni. Nyinyi nendeni mkakae nje, mpumzike."

Akaketi kwenye kochi, akavua kiatu kimoja. Bonge akapanda kifuani, akajibwaga. Nje, mawifi wawili walikuwa hawajamaliza hata kugombania kigoda kizuri walipousikia mkoromo. Walichungulia dirishani. Mtu mzima alikuwa amelala, mdomo wazi, kiatu cha pili mguuni.

Jikoni bomba lilikohoa. Tone likagonga sufuria, kisha jingine, kisha mengi kwa mpigo.

Inspekta alimtazama baba yake, akaweka kidole mdomoni, akaenda kulifunga.