Udongo wa Nyumba ya Tatu

Magoti ya Shangazi yalianza kugoma msimu uliopita, na magoti yakigoma hakuna wa kukaa naye mezani mkapatana. Kila asubuhi alishuka kwenye boti ya injini pamoja na wachimbaji wenzake kumi na mmoja wa mambo ya kale, akapanda mlima wa kisiwa akipumzika mara tatu, akatandika kipande chake cha sponji, akapiga magoti, akashika mwiko wa kuchimbia. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na sita. Watoto wake walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa, na yeye yuko pale pale, anakwangua sakafu za watu waliokufa miaka elfu tano iliyopita. Mume wake, mwashi mstaafu mwenye mdomo, alipenda kusema kwamba yeye amejenga nyumba arobaini na hakuna hata moja aliyotakiwa kuipiga mswaki.

Pale kisiwani kila mtu alimwita Shangazi, hata Daktari, mkuu wa uchimbaji, aliyefika mara ya kwanza akiwa mwanafunzi asiyejua hata kushika koleo. Shangazi ndiye aliyemfundisha kuubinya udongo vidoleni na kuujua, huu wa jikoni, huu wa zizini, huu wa mvua tu. Sasa mwanafunzi yule alikuwa na mvi mbili tatu, na mwezi huu alikuwa na furaha ambayo Shangazi hakuwahi kuiona usoni mwake.

Furaha yenyewe ilitoka nyumba ya saba. Katika kona moja, mahali ambapo sakafu ilikuwa imeliwa na miaka, walikuta shimo lenye upana wa beseni. Ndani yake mlikuwa na punje za shayiri zilizoungua, taya la mbwa, na ganda la kome lililotobolewa kama shanga. Daktari hakulala siku mbili. Alisema wenye nyumba walivizika vitu vile kabla hawajasimamisha jiwe la kwanza, wakaiombea nyumba yao heri, na kwamba hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo kisiwani. Akaandika makala. Ijumaa angeituma ikachapishwe, na heshima ya kulimaliza shimo akampa Shangazi.

Jumatatu Shangazi akatandika sponji yake katika kona ile. Alipoinua uso kunyoosha shingo, akaliona bamba la jiwe lililopasuka katikati, na jingine limeliegemea, na katika uwazi wao bahari ikionekana kidogo. Alishawahi kupiga magoti hapo hapo, akaiona bahari hiyo hiyo.

Ilikuwa mwaka wake wa nne. Profesa, mkuu wa zamani aliyekwisha kufariki, alimwambia achimbe kishimo cha kupimia kina, kisha akifukie. Sheria ya kufukia kila mchimbaji anaijua hata usingizini. Udongo uliotoka shimoni ndio unaorudi humo humo. Chini kabisa unatupa kizibo cha soda, ili atakayekuja baadaye ajue kwamba mkono wa mtu wa leo umeshapita hapo. Halafu unaandika kwenye daftari. Lakini siku hiyo mvua ilikuja ya kumwaga, udongo wake ukasombwa mtelemkoni, boti ikawa inapiga honi, na nyumbani kitinda mimba wake alikuwa na homa kali. Pembeni palikuwa na rundo la udongo wa nyumba ya tatu, ambao haujachekechwa bado, wenye mifupa, punje na maganda yake yote ndani. Akachota makoleo matano, akafukia, akakimbia. Akasema daftari ataliandika kesho. Kesho yake mtoto alilazwa, akakaa hospitali wiki nzima, na ngoja ngoja ikafanya kazi yake. Alisahau.

Kwa hiyo wenye nyumba walioomba heri ni yeye. Angecheka, kama angekuwa na nguvu za kucheka.

Kitu kimoja tu hakukikumbuka, kama alitupa kizibo au hakutupa. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi alichimba akikitafuta, na hajawahi kuchimba polepole hivyo. Kizibo kikiwapo, kitasema chenyewe, na yeye atashangaa pamoja na wenzake. Mara akaomba kiwepo, mara akaomba kisiwepo, mpaka akachoka kuomba. Mume wake alimwuliza mbona hali chakula, akajibu ni mgongo. Mume akamkanda mgongo kwa mafuta, maskini, na mgongo haukuwa na neno.

Alhamisi saa sita mchana mwiko uligonga mwamba. Akafagia kwa brashi, akapitisha vidole pembe zote. Kizibo hakikuwapo.

Alikaa kitako ndani ya shimo. Kwanza alipata nafuu, tena kubwa, aseme uongo wa nini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi haya hayakuwa na kifo. Profesa alikuwa kaburini, daftari halina neno, na udongo hausemi jina la aliyeumwaga. Akinyamaza, Daktari atapata sifa anayostahili kwa kazi ya miaka mingi, na yeye atastaafu na jina lake safi. Halafu akawaza wanafunzi watakaofundishwa kwamba watu wale walizika mataya ya mbwa chini ya nyumba zao, nao wafundishe wengine, na wengine. Akasikia uchovu wa kubeba kitu hicho hadi siku ya mwisho, na uchovu aliokuwa nao tayari ulimtosha.

Daktari alikuwa kwenye kibanda cha mabati, kati ya trei za mifupa iliyoanikwa, makala imefunguliwa kwenye kompyuta. Shangazi alimweleza akiwa amesimama, bila kujitetea, isipokuwa habari ya mtoto ambayo ilimtoka yenyewe. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Una uhakika, Shangazi?”

“Nina uhakika, mwanangu. Kizibo sikukitia, ndiyo maana nimekuja mimi.”

Daktari hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliitazama makala yake, akaifunga, akakaa ameegemeza mikono kwenye meza. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mwanafunzi yule wa zamani.

“Kila ninachokijua kuhusu udongo wa hapa umenifundisha wewe.” Akamgeukia. “Ni shimo hilo peke yake?”

Shangazi alikuwa karibu kusema ndiyo. Kisha akakumbuka ni jioni ngapi honi ya boti ilikuwa inalia. Alikumbuka mvua, homa za watoto, misiba, siku ambazo mgongo ulikataa, na madaftari yaliyosubiri kesho. Hakuona shimo jingine lolote akilini, lakini hata hili, wiki moja iliyopita, hakuwa akiliona.

“Sijui,” akasema. “Ningekuwa najua ningekwambia.”

Daktari alikwenda kwenye rafu ya nyuma, akarudi na madaftari yote ya Shangazi kifuani, ishirini na sita, mengine yamevimba kwa unyevu. Akayaweka mezani. Akamvutia Shangazi kiti. Kisha akachukua lile la chini kabisa, la mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa bado shule ya msingi, akalifungua ukurasa wa kwanza, na akamsogezea kalamu ya kutia alama.